Mwaka Uliopewa Neno

Watu wa pwani walikuwa na mwaka wao kabla ya kalenda za ukutani. Mwaka huo ulifuata jua, ukahesabiwa siku 365 kamili na kugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa mwaka huo nahodha alijua kaskazi yake na mkulima akajua masika yake. Ulianza kwa Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi, neno lililotufikia kutoka kwa Waajemi likiwa na maana ya siku mpya. Watu waliteremka pwani kukoga ili mwaka mkongwe uondoke na taka zake. Mpaka leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka hukogwa kila Julai: wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba.

Mwaka huo ulikuwa na jina. Ukiingia Jumatatu, uliitwa mwaka wa Jumatatu mpaka ukomee. Na kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja ya ziada, mwaka uliofuata ulikuwa wa Jumanne, na baada yake wa Jumatano. Wajuzi wa nyota walilitazama jina hilo wakabashiri mvua, maradhi na bei ya vyakula. Hakuna mtu aliyelichagua. Jina lilikuja na hesabu, nao watu wakalipokea kama wanavyoupokea upepo.

Kuuchagulia mwaka neno ni jambo jingine kabisa. Hapo mtu husimama mbele ya siku ambazo hazijafika, akasema: siku hizi zote nataka ziitwe kwa jina hili, na kwa jina hili nihukumiwe zitakapokwisha. Siku hizi desturi hiyo imeenea. Umoja wa Mataifa huipa miaka majina, kama ulivyouita mwaka 1990 Mwaka wa Kimataifa wa Kusoma na Kuandika. Idara na vyama huchapisha kaulimbiu zao kwenye fulana na mabango. Na mtu binafsi huandika neno moja juu ya ukurasa wa kwanza wa shajara yake akitaraji limwongoze. Maneno yenyewe aghalabu ni mazuri. Yanayoulizwa mwisho wa mwaka ni machache.

Ndiyo sababu napenda, ndugu msomaji, tuutazame kwa makini mwaka mmoja wa nchi yetu uliopewa neno, neno hilo likashikwa, likahesabiwa, na hesabu yake ikaendelea kudaiwa miaka mingi baadaye. Mwaka wenyewe ni 1970.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Rais Julius Nyerere aliwahutubia wananchi, kama ilivyokuwa desturi yake kila mwaka ulipoaga. Katika hotuba hiyo alitangaza kuwa mwaka ulioingia uwe Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Haikuwa mara ya kwanza kwake kulisema wazo hilo. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alikwisha kusema kuwa taifa lazima lianze na watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto huchukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya kugeuza uchumi, ilhali fikira za mtu mzima huzaa leo. Lakini wazo lililomo ndani ya mpango husomwa na wachache. Wazo lililopewa mwaka mzima liwe jina lake humfikia kila aliye karibu na redio.

Tuikumbuke nchi ilivyokuwa. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa na umri wa miaka minane, Muungano miaka mitano. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huohuo wa 1967 Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, na Elimu ya Kujitegemea ikalifuata. Taifa lilikuwa na maandishi mengi ya kuwapa watu, na watu wengi wasioweza kuyasoma.

Alitoa sababu tatu za elimu hiyo, nazo nazieleza kwa maneno yangu. Ya kwanza, watu waamke na kuacha kuyaridhia maisha yaleyale ya karne zilizopita kana kwamba yameandikwa kuwa hivyo. Ya pili, wajifunze namna ya kuyatengeneza maisha hayo, shambani, nyumbani na katika afya. Ya tatu, waielewe siasa ya nchi yao, ya ujamaa na kujitegemea. Ukizitazama, utaona kuwa kusoma herufi hakukutajwa kuwa mwisho wa safari. Herufi ni chombo. Safari ni ile ya kwanza, ya kutoka katika kuridhia. Na mtu aliyezoea kuridhia hatoki hapo kwa kupewa kalamu peke yake. Anahitaji neno la kumwambia kuwa inawezekana.

Hapa ndipo mshairi na mfasiri wanapopaswa kusogea karibu, kwa maana aliyelichagua neno hilo alikuwa mtu wa kupima maneno. Mwaka huohuo wa 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Aliyemwita mfanyabiashara wa Venice bepari alijua vyema kuwa neno halibebi maana tu. Hubeba na upande wa kusimama. Basi tulitazame neno lake la mwaka kwa jicho hilo.

Elimu ya watu wazima. Katika lugha nyingine mtu aliyekomaa huitwa kwa umri wake. Sisi tunamwita mzima, na mzima ni neno lenye milango mingi. Mzima ni asiyevunjika: tunasema kikombe kizima, mwezi mzima, nyumba nzima. Mzima ni mwenye siha, na kwa hiyo tunaamkiana, “U mzima?” Mzima ni aliye hai. Kumwita mtu mzima halafu kumwambia kuwa hana elimu ni kumgusa mahali pa hatari, kwa sababu jina lenyewe limeshamkamilisha. Wahenga wamesema, mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Kumketisha mzee mwenye mvi juu ya kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, mbele ya mwalimu aliye na umri wa mjukuu wake, ni kumvua nguo mbele za watu, ila iwe wapo wengi waliovuliwa pamoja naye kwa siku moja na kwa heshima. Hiyo ndiyo faida ya kuupa mwaka jina. Aibu ya mmoja ikawa shughuli ya taifa, na mwenye kwenda darasani jioni hakulazimika kujieleza kwa jirani, maana jirani naye aliisikia redio ileile.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho kilikuwa ndani ya lugha. Tuna methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya wavuvi na ya walezi, na ina hekima yake. Lakini ndani yake mna hukumu. Samaki akishakauka hakunjiki, akilazimishwa huvunjika. Mzee aliyeambiwa aende kisomoni alikuwa na methali hiyo mkononi tayari, tena ya babu zake, ya kujitetea nayo. Huwezi kuishinda methali kwa takwimu. Methali hushindwa kwa methali. Ndipo ikasimamishwa ile nyingine, kwamba elimu haina mwisho, nayo ikatumiwa kila pembe, hata gazeti la wasomaji wapya lililoanzishwa Mwanza katika miaka ya sabini likapewa jina hilo, Elimu Haina Mwisho. Kwangu mimi ushindani wa methali hizi mbili ndio moyo wa habari yote. Neno la mwaka lilikuja kuamua shauri kati ya hekima mbili ambazo wote walikuwa nazo.

Tena halikuja peke yake. Taifa lilikuwa limezoea kuongozwa kwa maneno. Uhuru na Kazi lilikuwa neno la mwanzo wa uhuru. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Harambee. Mwaka 1968 Nyerere alikutana na washairi akawaomba waifikishe siasa ya Azimio kwa watu kwa tungo zao. Chama cha UKUTA kilikuwapo, na ndani yake Mathias Mnyampala alikuwa ameikuza ngonjera, yaani majibizano ya kishairi yanayosemwa mbele ya hadhira na watu wawili au zaidi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka mwaka uliofuata, katika mwaka uleule wa neno letu. Katika ngonjera mjinga huuliza, mwerevu hujibu, na mwishoni mjinga hukubali. Kwa leo huenda tukaiona mizani yake imeelemea upande mmoja. Lakini tukumbuke kuwa ilifika kwa watu ambao kitabu hakikuweza kuwafikia, kwa kuwa iliingilia sikioni.

Tufuate sasa yaliyotokea baada ya neno kutangazwa. Tayari elimu ya watu wazima ilikuwa imewekwa chini ya Wizara ya Elimu ya Taifa. Shule za msingi zikafanywa vituo: asubuhi watoto, jioni wazazi wao. Walimu wa shule walisaidiwa na watu wa kijiji waliojua kusoma, wengi wao kwa posho ndogo tu. Mahitaji yalikuwa madogo kwa kuyataja na makubwa kwa kuyapata: ubao, chaki, daftari, taa ya kandili na mafuta yake, miwani kwa waliozidiwa na umri. Kazi ya neno ikitoka redioni ndiyo hiyo. Hugeuka kuwa swali la nani ataleta mafuta ya taa.

Mwaka ukaisha. Hapa ndipo maneno mengi ya mwaka yanapofia, kwa sababu usiku wa mwisho hutafutwa neno jipya na la zamani husahauliwa kama kanga iliyopauka. Nyerere alifanya kinyume. Mwaka 1970 ulipokuwa ukiaga, hakulipumzisha neno lake. Alilipunguza upana akalizidishia uzito. Zilitajwa wilaya sita ambazo ujinga wa kutojua kusoma ulipaswa kufutwa ndani yake kabla mwaka 1971 haujakwisha: Kilimanjaro, Pare, Tanga, Masasi, Ukerewe na Mafia. Mwaka ukawa umezaa deni lenye majina ya mahali na tarehe ya kulipa. Mwezi Septemba 1971 TANU ikaamua kuwa deni hilo liwe la nchi nzima, na tarehe ikawa mwisho wa mwaka 1975.

Msomaji wa visiwani ataona kuwa katika wilaya zile sita mbili ni visiwa, kimoja cha bahari na kimoja cha ziwa. Unguja na Pemba hazikuwamo, kwa kuwa elimu ya msingi haikuwa jambo la Muungano na Zanzibar ilikuwa na mipango yake. Lakini Mafia ni ndugu yetu wa bahari moja, na yaliyoihusu yanatuhusu.

Waliokuja Mafia na vitabu vya kisomo walikuta neno kisomo limewatangulia. Pwani, kisomo ni mkusanyiko wa kusoma Qurani, mara nyingi kwa kumwombea marehemu. Watu huketi jamvini, juzuu zikagawanywa, kila mtu akasoma yake. Kwa hiyo mzee wa Kilindoni au wa Chole alipoambiwa aje kisomoni, hakusikia neno geni. Alisikia neno la msikitini likiitwa kufanya kazi ya shuleni. Tena huyo mzee, kama alipita chuoni utotoni, huenda alijua kusoma tangu siku nyingi. Alisoma herufi za Kiarabu, na wapo waliotumia herufi hizo kuandika Kiswahili: barua, hesabu za deni, tenzi. Maandishi hayo si ya jana. Mswada wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate, una tarehe ya mwaka 1728.

Lakini vitabu vya kisomo vilipigwa chapa kwa herufi za Kirumi, na mitihani ikapima herufi hizohizo. Aliyeweza kusoma alif hadi ye lakini hakuijua a hadi z aliingia katika hesabu ya wasiojua. Nalisema jambo hili bila chuki wala dhihaka. Serikali ilihitaji maandishi yanayosomeka Ukerewe kama yanavyosomeka Mafia, na herufi za Kirumi zilikuwa zimekwisha kuenea kwa shule, kwa magazeti na kwa ofisi. Hata hivyo neno lililokusudia kuwainua watu wazima lilipita juu ya elimu waliyokuwa nayo bila kuiona. Mjukuu alijifunza kuwa babu yake alikuwa mjinga mpaka 1971, na juzuu zilizoandikwa kwa mkono zikabaki masandukuni, chakula cha mchwa. Wanaotafuta leo miswada ya tenzi za pwani wanajua gharama ya kupitiwa huko. Ni sehemu ya hesabu ya neno hilo, kama zilivyo taa na daftari.

Twende sasa kwenye kisiwa cha pili. Ukerewe imo mkoani Mwanza, na mikoa ya Ziwa ilikuwa imetangulia kidogo, kwani tangu 1968 UNESCO na serikali walikuwa na mradi wa majaribio huko, wa kufundisha kusoma kwa njia ya kazi. Kitabu cha mkulima wa pamba kilifundisha pamba, cha mwenye migomba kilifundisha migomba, cha mvuvi kilifundisha uvuvi. Neno la kwanza ambalo mtu alilitambua kwa macho lilikuwa neno ambalo mikono yake inalijua.

Na katika kisiwa hichohicho aliishi mtu ambaye hakuhitaji kufundishwa herufi na mtu yeyote. Aniceti Kitereza alikwisha kuimaliza riwaya yake kubwa mwaka 1945, kwa lugha yake ya Kikerewe, akisimulia habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao. Hakupata mchapishaji. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akiwa mzee, na kitabu kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata mwenyewe akafariki. Miaka yote ile kitabu kilipokuwa kikisubiri, walikosekana mchapishaji na wasomaji pia. Waliojifunza kusoma Ukerewe mwaka 1971 walikuwa tayari kitabu cha jirani yao kilipofika. Sisi wafasiri huzungumza sana juu ya mwandishi na lugha zake mbili, tukamsahau mtu wa tatu, yaani yule aliyeketi chini ya kandili akajifunza kusoma ili maandishi ya wengine yapate pa kufikia.

Neno la 1970 lilizaa maneno mengine, nayo yanastahili kusikilizwa na kila apendaye mashairi. Kampeni za redio zilifuatana, watu wakikusanyika kwa vikundi kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu na kujadiliana. Sikiliza majina yake: Kupanga ni Kuchagua, iliyoueleza mpango wa pili wa maendeleo uliotangazwa 1969; Uchaguzi ni Wako, mwaka 1970; Wakati wa Furaha, mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru; Mtu ni Afya, mwaka 1973; Chakula ni Uhai, mwaka 1975; Misitu ni Mali, mwaka 1980. Zihesabu mizani. Kupanga ni Kuchagua ni mizani nane, kipande kamili cha shairi letu la kawaida. Elimu Haina Mwisho ni nane pia. Mengine ni mafupi zaidi, ya mizani tano, sita au saba, lakini umbo la mengi yake unalitambua mara moja: kitu ni kitu, bila kitenzi kingine, kama methali na kama jina la kanga. Mtu akilisikia mara moja halimtoki. Anaweza kulipeleka shambani bila karatasi. Walioyatunga walijua kuwa wasiojua kusoma huandika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda mizani.

Mtu ni Afya ndiyo iliyofika mbali kuliko zote. Watu wapatao milioni mbili waliishiriki, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Vikundi havikuishia kusikiliza. Walichimba vyoo, wakafyeka majani kando ya nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu, wakachemsha maji. Neno lenye mizani tano likawa shimo lenye kina.

Ingekuwa si uaminifu kuishia hapo, kwa maana mwaka huohuo wa 1973 taifa liliona neno jingine likigeuka mkononi. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimetangazwa tangu 1967 kuwa jambo la hiari. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri. Mamilioni walihamishwa katika miaka michache iliyofuata, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Neno lilikuwa lilelile, ujamaa, na waliolitamka walikuwa walewale. Kilichopotea ni nafasi ya msikilizaji kulipokea au kulikataa. Kisomo kilimwita mtu kwa jina lake la mtu mzima. Amri ilimhamisha mtu mzima kama mzigo. Nadhani historia ya maneno ya taifa letu imo katika tofauti hii kuliko katika uzuri wa maneno yenyewe.

Na hesabu? Mtihani wa kitaifa wa kwanza ulifanyika mwaka 1975, tarehe ya deni ilipofika. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka kutoka takriban theluthi mbili hadi asilimia 39. Deni halikulipwa lote, lakini hakuna aliyejificha. Walihesabiwa tena mwaka 1977, wakawa asilimia 27. Mwaka 1981, asilimia 21. Na mwaka 1986, asilimia 9.6. Ni nchi chache duniani zilizowahi kwenda kwa kasi hiyo zikitegemea chaki na kandili.

Kisha upepo ukageuka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame na madeni viliidhoofisha nchi. Katikati ya miaka ya themanini serikali ilianza kubana matumizi kwa masharti ya wakopeshaji, na madarasa ya jioni yalikuwa miongoni mwa vya kwanza kuzimika. Magazeti ya vijijini yalitoweka. Mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma husahau, kama kisu kisichonolewa kinavyoshika kutu. Sensa ya 2002 iliwakuta watu wazima takriban watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Sensa ya 2012 ilionyesha wanaojua kuwa asilimia 78, na ya 2022 asilimia 83. Tunapanda tena, taratibu, ngazi ambayo baba na mama zetu waliwahi kuipanda mbio.

Wapo wasemao kuwa kushuka huko ni ushahidi kwamba maneno ya miaka ile yalikuwa makelele. Sikubaliani nao. Kinachoshangaza katika habari hii ni kuwa tunaweza hata kujua kuwa tulishuka. Tunajua kwa sababu neno lile lilikubali kupimwa tangu mwanzo, likapewa wilaya, tarehe na mtihani. Ukiuliza mafanikio ya kaulimbiu nyingi za leo hutapata aibu wala fahari, kwa kuwa hakuna aliyeahidi kitu. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Na deni lisilo na kiasi wala siku ya kulipa mdai wake hana pa kushika.

Kwa hiyo, ewe unayetafuta neno la kuuongoza mwaka wako, iwe ni mwaka wa nyumba yako, wa chama chako au wa kalamu yako, habari ya 1970 ina mashauri ya kukupa. Chagua neno ambalo mwenye kulisikia anaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi kwa mikono yake. Litafutie methali itakayolitetea, maana ipo methali inayolipinga, tena imekwisha kukaa ndani ya nyumba. Litamke mbele ya watu, ili wawe na haki ya kukuuliza. Kabla hujawaambia watu hawana, tazama vizuri walicho nacho masandukuni mwao. Na likitoka kinywani mwako, liache liwe wito. Siku utakapoligeuza kuwa amri, utakuwa umekwisha kulipoteza hata kama watu wote wamelitii.

Wazee wa Siku ya Mwaka walipokea jina lililokuja na hesabu, wakakoga, wakaenda zao wakisubiri mvua. Hawakudaiwa chochote na jina hilo. Sisi tuliojitwalia ruhusa ya kuchagua tuna mzigo ambao wao hawakuwa nao. Usiku wa mwisho wa mwaka, kabla neno jipya halijaandikwa, yafaa lile la zamani litolewe lisomwe kwa sauti, na aliyelichagua aeleze limefika wapi.